Niuze Ng'ombe Wangapi? Kusoma Kijapani na Kupata Chumba Japani

Mzee mmoja wa Haydom alinipigia simu siku ya mnada. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia na madalali wanapayuka, ikabidi apaze sauti. "Mwalimu, kijana amepata shule ya Kijapani huko Tokyo. Ada wameshanitajia. Sasa niambie wewe uliyekaa kule, niuze ng'ombe wangapi?" Nikamuuliza kijana atalala wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: "Si shuleni?"

Simu za namna hiyo nazipata kutoka Dongobesh, Katesh, Basotu na Mbulu mjini, na karibu zote huanza na ada na kuishia na ada. Chumba hukumbukwa tiketi ikiwa mkononi. Kwa hesabu yangu hilo ndilo kosa la kwanza, na linagharimu vitu viwili kwa mpigo: fedha ya mzee na Kijapani cha kijana. Shule ya lugha kule hutoa vipindi vinne vya dakika 45 kwa siku. Ni saa tatu. Saa 21 zilizobaki uko kazini, njiani na chumbani, na huko ndiko lugha inakoingia au inakokukwepa.

Wajapani wenyewe walilijua hili walipokuja kwetu. Miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipiga kambi Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Umesao Tadao na Tomikawa Morimichi walichunguza maisha ya Wadatoga, Yoneyama Toshinao akaenda kwa Wairaqw. Walikaa na watu, wakahesabu mifugo ya watu, wakaandika vitabu ambavyo wasomi wanavitumia hadi leo. Umesao alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia kule Osaka. Wewe sasa unaifanya safari ileile kinyumenyume.

Kazi inayoanzia nyumbani

Kijapani kina irabu tano zilezile za Kiswahili, na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Mtu wa Katesh akitamka sakana, yaani samaki, au tamago, yaani yai, siku ya kwanza tu anaeleweka. Kinachomkwaza Mswahili ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi, au mama wa makamo. Obaasan ni bibi. Ukirefusha pasipostahili, mama mwenye nyumba wa miaka 45 umemfanya ajuza, na ulikuwa umekwenda kumwomba chumba. Hapa mtoto aliyekulia katika Kiiraqw ana bahati ambayo hajui kama anayo: lugha yake hutofautisha irabu fupi na ndefu, na kitenzi chake hupenda kukaa mwishoni mwa sentensi, kama cha Kijapani. (Wale walimu waliotuvika kibao shingoni kwa kusema Kiiraqw uwanjani, leo nawakumbuka kwa jicho jingine.)

Hiragana ni herufi 46, katakana nyingine 46. Jifunze kumi kwa siku na zote utazimaliza ndani ya siku kumi. Usipande ndege bila hizo. Redio Japani ya NHK ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, bure, na simu ya kawaida inatosha kuyasikiliza. Taasisi ya Japan Foundation ina kozi za mtandaoni ziitwazo Marugoto, nazo hulipii. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa kikifundisha Kijapani, kwa hiyo anayesoma pale asiache nafasi impite. Mtihani wa kimataifa, JLPT, una ngazi tano kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, na unafanyika Nairobi. Kutoka Katesh unapita Babati, Arusha na Namanga. Shule nyingi za lugha hutaka N5 au ushahidi wa saa 150 za masomo ili zikuombee kibali. Kama saa zako ni za mtandaoni, iulize shule kwa maandishi kama cheti hicho kitapokelewa, kabla hujakilipia.

Halafu kuna jambo la majina, nalo linatuhusu sisi kuliko watu wa Dar es Salaam. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tluway, cha kidato cha nne kinasema Tluwai, kitambulisho cha NIDA kinasema Tlway, na jina la babu limekuwa la ukoo kwenye karatasi moja na kutoweka kwenye nyingine. Kwetu ni mambo ya karani aliyesikia vibaya. Kwa ofisa wa Uhamiaji wa Japani hao ni watu watatu. Zilinganishe karatasi zote kabla ya kuomba pasipoti, na pale isipowezekana nenda kwa wakili ule kiapo cha majina. Amua pia mapema jina lako litaandikwaje kwa katakana, maana Kijapani hakina tl, q wala hh. Chagua umbo moja, liandike kwenye daftari, na utumie hilohilo benki, shuleni na kwenye mkataba wa chumba.

Njia za kwenda, kwa ufupi

Kuna ufadhili wa serikali ya Japani uitwao MEXT, ambao ubalozi wao Dar es Salaam kwa kawaida huutangaza kati ya Aprili na Juni. Fomu haiuzwi. Anayefadhiliwa kwa shahada ya kwanza halipi ada, hulipiwa tiketi, hupewa yeni 117,000 kwa mwezi, na mwaka wa kwanza hufundishwa lugha huko Tokyo au Osaka kabla ya kuingia chuo chake. Huyo suala la chumba limetatuliwa nusu. Kwa shahada ya uzamili kuna mpango wa ABE ulioanza 2014 kwa ajili ya vijana wa Afrika. Masomo yake mengi ni kwa Kiingereza. Kama una alama nzuri za sayansi, jaribu huku kwanza, tena jaribu mara mbili, ndipo uje kwenye njia ya kujilipia, ambayo ndiyo ya kijana wa Haydom na ndiyo yenye mitego.

Kwa anayejilipia, mpangilio ni huu na usiugeuze. Unaomba shule, unalipa ada ya maombi, kwa kawaida yeni 20,000 hadi 30,000 ambazo hazirudi. Shule inakuombea kibali Uhamiaji, ile karatasi ambayo kila mtu huiita COE. Kikitoka, ndipo unalipa ada ya mwaka, ndipo unaomba viza, ndipo unakata tiketi. Mtu anayetaka ada yote kabla ya kibali, hata kama ni mtoto wa shangazi yako, mwambie asubiri.

Lakini Uhamiaji wa Japani hutaka kuona fedha za mdhamini benki, na kipato chake, kabla ya kutoa kibali. Ng'ombe 40 zizini si salio la benki. Wala shamba la vitunguu la Bashay halisomeki Tokyo. Kwa hiyo nilimwambia mzee: wauze kidogokidogo kuanzia sasa, tunza stakabadhi ya kila mnada, weka fedha kwenye akaunti yako wewe mwenyewe, na isitoke hata senti kwenda kwa wakala mpaka kibali kitoke. Fedha iliyoingia yote jana asubuhi huonekana kama ya kuazima, na mara nyingi huwa kweli ni ya kuazima.

Hesabu ya mlango

Sasa chumba. Aliyewahi kupanga geto karibu na shule ya kata, au chumba Babati mjini, anajua desturi zetu: kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Japani kodi ni ya mwezi kwa mwezi, na hapo ndipo wengi hudhani ni nafuu. Tufungue mahesabu ya chumba cha yeni 50,000 kwa mwezi.

Kuna amana, shikikin, mara nyingi ya mwezi mmoja: 50,000. Hii hurudi ukihama, ikikatwa matengenezo. Kuna reikin, ambayo hairudi kamwe. Ni zawadi kwa mwenye nyumba kwa kukubali kukupangisha. Wafanyabiashara wetu wa fremu wangeiita kilemba, na wasingekosea. Nayo 50,000. Dalali anachukua mwezi mmoja na kodi ya serikali juu yake: 55,000. Kwa kuwa huna ndugu Mjapani wa kukudhamini, unailipa kampuni ya udhamini, tuseme nusu mwezi: 25,000. Bima ya moto na kubadilisha kufuli, kama 30,000. Kisha kodi yenyewe ya mwezi wa kwanza: 50,000. Jumla yeni 260,000. Tukihesabu yeni moja kwa shilingi 17, ni shilingi 4,420,000 kabla hujaingiza begi.

Ukifungua mlango, hamna kitu. Chumba cha kupanga Japani mara nyingi hakina kitanda, hakina pazia, hakina jiko, na kilichonishangaza kuliko vyote, hakina hata taa. Kuna tundu la waya darini. Ongeza yeni 50,000 za godoro la kukunja, taa, pazia na friji ya mtumba. Kwa ng'ombe wa shilingi 900,000, hapo wameshakwenda karibu sita, na chai bado haijachemka.

Si kila chumba kina gharama zote hizo. Matangazo yenye reikin sifuri yako mengi siku hizi, hasa nje ya Tokyo. Nyumba za shirika la umma liitwalo UR hazina reikin, hazina dalali wala hazitaki mdhamini, ila huangalia kipato au akiba yako. Neno la kutafuta kwenye tangazo ni shoki hiyo, gharama za mwanzo. Mwombe dalali akuandikie jumla yake kwenye karatasi moja. Akikutajia kodi tu, bado hajakutajia bei.

Na usidanganywe kwamba "kazi ya muda italipa kila kitu". Mwanafunzi anaruhusiwa saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali, ambacho mgeni huweza kukiomba palepale uwanja wa ndege. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2025, kima cha chini katika mikoa yote ya Japani kimevuka yeni 1,000 kwa saa. Tuseme unapata 1,050: saa 112 kwa mwezi ni yeni 117,600. Toa kodi 45,000, chakula 30,000, umeme, gesi na maji 10,000, simu, bima na nauli 15,000. Unabaki na 17,600. Ada ya yeni 800,000 kwa mwaka ni zaidi ya 66,000 kwa mwezi. Kazi itakulisha, haitakusomesha. Wanaojaza pengo kwa kuvunja sheria ya saa 28 husinzia darasani, mahudhurio yakashuka, na mahudhurio hayo shule huyapeleka Uhamiaji.

Hosteli, nyumba ya kuchangia, au chumba chako

Msimamo wangu, na najua wengine hawaupendi: miezi sita ya kwanza kaa hosteli ya shule, hata kama ni mbaya. Hakuna dalali, hakuna mdhamini, jiko na taa vipo. Utalala chumba kimoja na Mnepali, Mvietnam na Msri Lanka, na kwa kuwa hamna lugha nyingine ya kugombania zamu ya bafu, mtagombana kwa Kijapani. Hicho ni kipindi cha tano cha siku, bure. Ila uliza maswali matatu kabla ya kulipa. Bei hii ni ya chumba au ya kichwa? Hosteli nyingi hutaja 35,000 na kumbe ni kila mmoja wa watu wanne. Nikihama kabla ya miezi sita, nini kinakatwa? Na ni mwendo gani hadi shuleni, kwa sababu nauli ya treni inaweza kula nafuu yote, na punguzo la tiketi ya mwezi kwa wanafunzi si kila shule ya lugha hulipata.

Baada ya hapo, ukiwa na N4, tafuta nyumba ya kuchangia ambayo Wajapani nao wanaishi. Kila mtu ana chumba chake kidogo, jiko na sebule ni vya wote. Nimewaona vijana waliokaa miaka miwili Tokyo wakizungumza Kiswahili na Kiingereza tu, kwa sababu walipanga pamoja Waafrika watupu. Upweke ni mgumu na simlaumu mtu. Lakini wengine hurudi na picha nyingi na N5 ileile.

Na si lazima iwe Tokyo. Fukuoka, Osaka, hata miji midogo ya Kyushu ina kodi nafuu na watu wenye muda wa kuzungumza nawe. Osaka ina faida ya pekee kwetu: Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili kama somo la shahada. Kuna Wajapani vijana pale wanaotafuta mtu wa kuwasahihishia ngeli. Mpe mmoja saa moja ya Kiswahili naye akupe saa moja ya Kijapani, na siku ya kutafuta chumba umwombe akusindikize. Dalali akimwona Mjapani kando yako, hubadilika sauti.

Maana kukataliwa kupo. Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya dalali, ofisi ndogo karibu na stesheni, kuta zimejaa karatasi za ramani za vyumba, alinionyesha vyumba vinane nilivyovipenda kwenye kompyuta. Akapiga simu kwa mwenye nyumba wa kwanza. Nikasikia neno gaikokujin, mgeni, kisha "ah, sou desu ka", kisha akakata simu na kuinamisha kichwa. Akafuta namba moja kwa kalamu. Wa pili hivyohivyo. Wa saba akauliza: anaongea Kijapani? Dalali akanipa mkonga wa simu. Nikasema jina langu, shule yangu, kwamba sivuti sigara na kwamba taka nitazitoa siku zake. Dakika moja haikwisha. Akakubali. Hotuba hiyo fupi ikariri ukiwa bado Dongobesh, pamoja na swali hili: gaikokujin demo daijoubu desu ka, mgeni naye anaruhusiwa? Ukiliuliza mwanzo, unaokoa mchana mzima.

Cha kuangalia ukiwa ndani

Kupelekwa kuona chumba hulipii, tofauti na kwa madalali wetu. Basi usiuziwe mbuzi kwenye gunia, nenda ukakione.

Ukubwa huhesabiwa kwa mikeka ya tatami, jo. Jo 6 ni kama mita 10 za mraba. Aliyekulia katika nyumba zetu za zamani zilizochimbwa kwenye mteremko, watu na ndama chini ya paa moja, atauliza mifugo inakaa wapi. Umbali wa stesheni huandikwa kwa dakika za mguu, na kanuni yao ni mita 80 kwa dakika, kwa hiyo "dakika 10" ni mita 800. Mtu aliyepanda mlima wa Kainam kwenda shule asilipie zaidi ili awe dakika tatu kutoka stesheni. Chumba cha dakika 20 ni nafuu, na miguu unayo.

Tazama dirisha limeelekea wapi. Kule jua la baridi hupita upande wa kusini, kwa hiyo chumba cha kusini, minami-muki, hupata joto na kukauka. Mimi sikujua. Chumba changu cha kwanza kilitazama kaskazini, bei nzuri, ukuta mweupe. Kufikia Februari nyuma ya godoro kulikuwa na ukungu mweusi ukubwa wa sinia. Nilipohama mwenye nyumba alikata amana yote kwa kupaka ukuta upya, na sikuwa na hata picha moja ya siku niliyoingia. Siku ya kupewa ufunguo, kabla ya kuingiza begi, piga picha kila kona, kila kwaruzo, ndani ya kabati la sinki, uzitume kwa dalali siku hiyohiyo.

Watu wa Mbulu hujiandaa kwa baridi na kujaza begi makoti. Baridi ya kule ni kali kuliko ya Julai kwetu, sikatai, lakini makoti ya mtumba yako kila mahali. Kitakachokuumiza ni Agosti: joto la nyuzi 35 na unyevu wa Tanga, na wewe mwili wako ni wa Kainam. Hakikisha kiyoyozi kipo na kinafanya kazi. Mwambie dalali akiwashe mbele yako.

Jikoni, uliza kama gesi ni ya bomba la mji au ya mtungi. Ya mtungi, puropan gasu, huwa ghali zaidi na dalali hatakwambia usipouliza. Kama jiko ni la umeme la kioo lenye alama ya IH, sufuria yako ya alumini kutoka Katesh haitapata joto hata kidogo. Ile sahani hutaka chuma. Nilisimama mbele yake dakika 20 na maji ya ugali baridi kabisa, nikidhani nimeharibu jiko la watu. Unga wa mahindi Tokyo unaweza kuutafuta kwenye maduka ya wageni ya Shin-Okubo. Mwiko beba. Pasi na jagi la umeme viache, maana umeme wao ni volti 100.

Mwisho wa ukaguzi, usalama. Hili watu wa Hanang hawahitaji kufundishwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafukia makazi ya Katesh na vijiji vya jirani, tukazika zaidi ya watu 80. Japani maporomoko, mafuriko na matetemeko ni mambo ya kila mwaka, na kila halmashauri huchora ramani ya hatari, mtaa kwa mtaa, na kuigawa bure. Sheria inamtaka dalali akuonyeshe chumba chako kiko wapi kwenye ramani ya mafuriko kabla hujasaini. Ni wajibu wake tangu Agosti 2020. Sehemu za maporomoko nazo lazima azitaje. Uliza pia jengo lilijengwa lini. Kiwango kipya cha kuhimili matetemeko kilianza Juni 1981. Jengo la kabla ya hapo, hata likiwa nafuu, mimi silalii. Maelezo haya yote husomwa na mtu mwenye leseni ambaye lazima akuonyeshe kadi yake. Husoma haraka kama anakimbizwa. Mwambie yukkuri onegai shimasu, polepole tafadhali, hata mara tano.

Siku 14 za kwanza

Ukipata anuani, una siku 14 kuiandikisha ofisi ya manispaa. Nenda na kadi ya ukaazi uliyopewa uwanja wa ndege. Palepale jiandikishe bima ya afya ya taifa, ambayo hukuachia kulipa asilimia 30 tu ya matibabu. Kama umefikisha miaka 20, omba fomu ya kuahirisha michango ya pensheni. Usipoiomba, ankara zitakufuata. Benki wengi huanzia ile ya posta, Yucho, kwa sababu nyingine humkataa mgeni wa chini ya miezi sita.

Chukua pia kalenda ya taka. Za kuungua siku zake, chupa siku zake, plastiki siku zake, na zote zitolewe asubuhi, mara nyingi kabla ya saa mbili. Mfuko uliotolewa siku isiyo yake hubandikwa karatasi na kuachwa palepale, na mtaa mzima unajua ni wa nani. Jirani aliyenionyesha namna ya kukunja maboksi, mama wa miaka sabini hivi, ndiye aliyenifundisha Kijapani kingi kuliko mwalimu yeyote. Huyo nilimwita obaasan, kwa irabu ndefu, na alifurahi.

Mzee wa Haydom alinipigia tena wiki mbili baadaye. Ameuza wawili, fedha iko kwenye akaunti yake, na kijana yuko Babati anashughulikia pasipoti, shilingi 150,000. Muhula wa Aprili shule nyingi hufunga maombi kufikia Novemba, na wa Oktoba kufikia Mei. Anza na cheti cha kuzaliwa, na uangalie jina limeandikwaje.